Muziki wa ala: upi wa kulalia, upi wa kusomea, upi wa kufanyia kazi

Ukimuuliza Mtanzania akutajie sifa za Kigoma, ataanza na migebuka, dagaa na mawese, kisha atafika kwa wasanii. Mkoa huu wa mwisho wa reli umetoa waimbaji wengi kiasi kwamba waliwahi kuungana na kuunda kundi la Kigoma All Stars. Ndiyo maana kuanzia Mwanga hadi Gungu, kuanzia stendi hadi mwalo wa Kibirizi, masikio yetu yanashinda yamejaa maneno: mapenzi, majigambo, matangazo ya ofa, na tena mapenzi.

Wiki hii tunazungumzia muziki wa aina nyingine, ule ambao mwimbaji hayupo na ala ndizo zinazosema. Muziki huo hauna gharama kubwa, unaingia kwenye simu ndogo yenye memori kadi, na ukitumiwa vizuri unaweza kuisaidia familia katika mambo matatu yanayosumbua nyumba nyingi: usingizi, masomo ya watoto na utulivu wa mgonjwa. Ukitumiwa vibaya, unaharibu masikio, au unamfanya mtu aache dawa kwa kudhani amepata mbadala. Hivyo tutaeleza pande zote mbili.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2019 Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba sanaa, muziki ukiwamo, ina mchango katika kukuza afya, kuzuia maradhi na kuwasaidia watu wanaopata matibabu.

Kwa upande wa usingizi, mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya na kuchambua majaribio ya kitabibu, ulichapisha mwaka 2022 uchambuzi wa majaribio 13 yaliyohusisha watu 1,007 wenye tatizo la kukosa usingizi. Waliopangiwa muziki walisikiliza kila siku kwa dakika 25 hadi 60, wengine kwa siku tatu tu, wengine hadi miezi mitatu. Kwa jumla, waliosikiliza walieleza kuwa wanalala vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakusikiliza.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Heart ulieleza namna mwili unavyoupokea muziki. Watafiti wa Italia waliwapigia watu 24 muziki wa mitindo tofauti huku wakipima upumuaji, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Muziki wa kasi ulivipandisha vyote. Muziki wa taratibu haukufanya hivyo. Kilicholeta tofauti zaidi kilikuwa kasi ya mdundo kuliko mtindo wenyewe au kama msikilizaji anaupenda. Jambo lililowashangaza ni kwamba walipoweka kimya cha dakika mbili katikati ya muziki, mapigo ya moyo na shinikizo vilishuka hata chini ya pale vilipokuwa kabla ya kuanza.

Hapo kuna mafunzo mawili kwa mtu wa kawaida. La kwanza, usichague kwa jina la mtindo, chagua kwa kasi. La pili, kimya kinachofuata baada ya muziki nacho ni sehemu ya mapumziko.

Kuipima kasi hakuhitaji utaalamu. Sikiliza wimbo, gonga kidole kufuata mdundo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Ukipata kati ya 60 na 80, huo ni muziki wa kupumzikia, maana unakaribia mapigo ya moyo wa mtu mzima aliyetulia. Ukipata 120 na kuendelea, huo ni wa kufulia nguo.

Kwa nini usiwe na maneno? Ubongo ukisikia lugha unayoielewa, unaifuata hata kama hutaki. Unamalizia mstari, unamkumbuka mtu fulani, unakasirika au unacheka. Nyimbo zina kazi yake na hakuna anayezikataa, lakini kwa mtu anayetafuta usingizi au anayesoma, maneno ni mgeni anayebisha hodi kila dakika.

Wa kulalia

Kukosa usingizi hapa kwetu kuna sura nyingi. Kuna mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga anayekesha ziwani na taa, kisha anatakiwa alale mchana wakati bodaboda zinapita na sabufa ya jirani inaunguruma. Kuna muuguzi wa zamu ya usiku. Kuna mama mwenye mawazo ya ada. Wote hao wanahitaji kitu cha taratibu, kisicho na mshtuko, kisichopanda ghafla. Vifuatavyo vinafaa.

Kora ya Mali. Hii ni ala ya nyuzi 21 iliyotengenezwa kwa kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi. Bingwa wake, Toumani Diabaté, aliyefariki dunia mwaka 2024, alitoa mwaka 2008 albamu ya The Mandé Variations, ambayo ni kora peke yake. Nyingine ni New Ancient Strings ya mwaka 1999, aliyopiga pamoja na Ballaké Sissoko. Sauti yake ni kama matone ya mvua kwenye maji yaliyotulia. Kama utaanza na kimoja tu katika makala haya, anza na hiki.

Piano ya Ethiopia. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou alikuwa mtawa wa Kanisa la Orthodox, aliyefariki Jerusalem mwaka 2023 akiwa na miaka 99. Alitunga na kupiga piano kwa mtindo wake mwenyewe, wenye ladha ya nyimbo za kanisa na za nyumbani kwao. Santuri zake za zamani zimekusanywa katika toleo la 21 la mfululizo wa Éthiopiques.

Udi na kanuni za Zanzibar. Wapenzi wa taarabu wengi wanajua waimbaji, lakini taarabu ya asili ina vipande vya ala tupu. Onyesho hufunguliwa kwa bashrafu, kipande kisicho na uimbaji chenye asili ya Uturuki, na kuna taksimu, pale mpigaji mmoja anapozungumza peke yake na ala yake. Vikundi vya Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ndivyo vya kutafuta. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na hupigwa ikiwa imelazwa mapajani au mezani. Kwa wazee wa Ujiji, mji uliofungamana na Pwani tangu enzi za misafara, sauti hizi si ngeni.

Filimbi ya India. Albamu ya Call of the Valley ya mwaka 1967 ina filimbi ya Hariprasad Chaurasia, santuri ya nyuzi ya Shivkumar Sharma na gitaa la Brij Bhushan Kabra. Inasimulia siku moja ya mchungaji wa Kashmir, tangu alfajiri hadi usiku, bila neno hata moja.

Ala za Ulaya. Kwa anayependa muziki wa aina hiyo, vipande vya Johann Sebastian Bach vya selo moja, au Gymnopédies za Erik Satie za mwaka 1888, ni vya taratibu na vinapatikana kwa urahisi.

Namna ya kuvitumia: anza nusu saa kabla ya kulala, kwa sauti ndogo, na uweke simu ijizime yenyewe baada ya dakika 45. Rudia kila usiku kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuamua kama inakufaa. Usitegemee kucheza moja kwa moja kutoka mtandaoni, maana tangazo likiingia kwa kelele saa tano usiku, kazi yote imeharibika na bando limekwisha. Ni afadhali uwe navyo kwenye memori kadi. Andika majina haya kwenye karatasi, uwape vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo, kwa sababu ukisema tu "nataka muziki laini" watakuwekea bongofleva ya huzuni.

Wa kusomea

Hapa wazazi wanadanganywa sana, hivyo tuliweke wazi. Video nyingi mtandaoni zinadai muziki wa Mozart unaongeza akili ya mtoto. Chanzo cha madai hayo ni utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature. Ulihusu wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, waliosikiliza kipande cha Mozart cha piano mbili kisha wakafanya jaribio la kutambua maumbo. Walifanya vizuri zaidi kidogo, na athari yenyewe ilidumu kwa takriban dakika 10 hadi 15. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Hata hivyo, habari zilisambaa hadi mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akapendekeza kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo.

Baadaye, mwaka 1999, watafiti wengine walionyesha kuwa wanaopenda hadithi walifanya vizuri vilevile baada ya kusikiliza hadithi. Kwa maneno mengine, mtu akichangamka na kufurahi anafanya kazi vizuri kwa muda mfupi. Usimnunulie mtoto akili kwenye simu. Msomee, mwimbie, zungumza naye.

Basi muziki wa ala una nafasi gani kwenye masomo? Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne anasoma vizuri zaidi kwenye kimya. Tatizo ni kwamba kimya ni anasa. Kwenye nyumba ya vyumba viwili, na baa ng'ambo ya barabara, kelele zitaingia tu. Hapo ala za taratibu kwa sauti ndogo zinaweza kuzifunika kelele hizo, na zitamsumbua kidogo kuliko wimbo wenye maneno, kwa sababu maneno ya wimbo hugombana na maneno ya kitabu. Kwa kazi ya kukariri au kusoma aya ndefu, maneno hayo yanagharimu zaidi.

Kwa wakati huu chagua kitu cha kasi ya wastani kinachojirudia. Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa mwaka 1959, ni jazi tulivu isiyo na mwimbaji. Muziki wa Mulatu Astatke wa Ethiopia, katika toleo la 4 la Éthiopiques, nao unafaa kwa kijana anayesinzia. Akianza kutikisa kichwa kuliko kugeuza kurasa, zima.

Wa kufanyia kazi

Asubuhi mwili unahitaji kinyume cha yale yote tuliyosema kuhusu usiku. Mazoezi ya viungo kwa mwenye kisukari, kudeki, kutwanga, kutembea haraka kwa nusu saa, vyote vinakwenda vizuri na mdundo wa kasi.

Ng'ambo ya ziwa, majirani zetu wa Kongo wamelimaliza suala hili zamani kwa sebene. Ni ile sehemu ya wimbo ambapo waimbaji wanakaa kando na magitaa yanashika usukani. Mtu mzima yeyote wa Kigoma anaijua miguuni kabla ya kuijua masikioni. Burundi nao wana ngoma zao za kifalme, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ngoma hizo zilivuka mpaka pamoja na wakimbizi na si ngeni mkoani kwetu.

Kutoka Afrika Kusini, tafuta Mannenberg ya Abdullah Ibrahim ya mwaka 1974, piano na saksofoni kwa zaidi ya dakika 13, na Grazing in the Grass ya Hugh Masekela ya mwaka 1968, ambayo ni tarumbeta ya kuamsha nyumba nzima. Mbili hizo zinatosha kudeki sebule na kuosha vyombo.

Kwa mzee na mgonjwa

Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 kuhusu muziki kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, wakiwa karibu 7,000. Waliosikiliza muziki walieleza maumivu kidogo zaidi, wasiwasi mdogo zaidi, na walitumia dawa chache zaidi za maumivu. Muziki ulikuwa nyongeza.

Hili linawezekana hata kwetu. Ukimpeleka mgonjwa kulazwa, iwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, hedifoni ndogo na simu havichukui nafasi kwenye kapu. Muulize kwanza muuguzi wa zamu. Usitumie spika, kwa sababu kitanda cha pili kuna mgonjwa mwingine ambaye hakuchagua muziki wako. Sikio moja libaki wazi ili mgonjwa amsikie daktari anapopita.

Kwa wazee nyumbani, kuna jambo la kuzingatia sana katika mkoa huu. Muziki unafungua kumbukumbu, na si kila kumbukumbu ni njema. Tunaishi na watu waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 na 1993, na kutoka Kongo wakati wa vita vya mwaka 1996 na kuendelea. Inanga, ule ubao wa nyuzi ambao mpigaji wa Burundi huupiga huku akinong'ona, unaweza kumtuliza bibi mmoja na kumliza mwingine. Usimwekee tu kwa kuwa ni "muziki wa kwao". Msalimie, kaa karibu, muulize: "Bibi, nikuwekee muziki upi?" Akisema zima, zima. Akilia na akataka uendelee, kaa naye.

Vilevile zipo familia, Ujiji na kwingineko, ambazo imani yao hairuhusu muziki wa ala. Hazikosi kitu cha lazima. Kumbuka matokeo ya wale watafiti wa Italia: kimya nacho kilishusha mapigo ya moyo. Kukaa dakika chache bila redio wala simu na kupumua taratibu hakugharimu kitu, na hakuna anayekukataza.

Sauti iwe kiasi gani?

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. WHO inasema zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Uharibifu huo hauna dalili ya maumivu, na chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Kiwango salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Ukipandisha hadi desibeli 90, mtu mzima anabakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima. Kwa kuwa wengi hatuna kipimo, tumia njia hizi:

1. Sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya mwisho wake.

2. Ukivaa hedifoni na mtu aliye umbali wa mkono akalazimika kupaza sauti ndipo umsikie, umezidisha.

3. Ukivua hedifoni ukasikia mlio kama wa nyenje masikioni, umeshapita kiasi. Pumzisha masikio, na mlio ukiendelea nenda ukapimwe.

4. Usilale na hedifoni masikioni usiku kucha.

5. Simu isiwekwe karibu na kichwa cha mtoto mchanga. Mwaka 2014 watafiti wa Canada walipima mashine 14 zinazouzwa kwa ajili ya kuwalaza watoto, na zote, zikiwa umbali wa sentimita 30, zilivuka desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga. Weka simu angalau mita mbili kutoka alipolala, sauti ikiwa chini, na izimwe akishasinzia.

Muziki si dawa ya presha

Tumalizie na onyo ambalo halipaswi kurukwa. Mtu mwenye shinikizo la juu la damu anaweza kusikiliza kora kila jioni na akajisikia vizuri sana, huku shinikizo lake likibaki pale pale. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Kujisikia vizuri si kipimo, kipimo ni mashine. Usiache vidonge wala usiruke kliniki kwa sababu umelala vizuri wiki hii.

Nenda kituo cha afya ikiwa hupati usingizi angalau usiku tatu kwa wiki na hali hiyo imedumu miezi mitatu. Nenda mapema zaidi ikiwa unakoroma na walio karibu wanasema pumzi yako hukatika usingizini, au unaamka umechoka kila siku. Ikiwa kukosa usingizi kunaambatana na huzuni isiyoisha au mawazo ya kujidhuru, usisubiri: mwambie mtu unayemwamini leo, na muende pamoja kumwona mtaalamu.

Kwa wengine wote, usiku wa leo jaribu hivi: punguza sauti, weka kora, zima taa. Muziki ukiisha, usiongeze mwingine.